Moshi wa Mama Caritas

Wahu, nimejifungia kwa choo cha ofisi hapa Lodwar. Nimeaibika, wacha tu.

Unakumbuka ile programu yetu ya satelaiti ya kupima moshi wa Mombasa? Niliichukua vile ilivyo nikaiweka kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Ramani ikatoka nyekundu yote. Leo nimesimama mbele ya wakubwa na akina mama wa kambi walioletwa huku nikasema ni moshi wa makaa yao. Eti wapunguziwe makaa. Mimi!

Mama Caritas, yule Mrundi anayenipikiaga, akauliza pole pole, "Hiyo picha ni ya siku gani?"

Nikamwambia tarehe kumi na nne.

"Mwanangu, si ndiyo siku ya ule upepo wa vumbi? Si ulikuwa kwangu?"

Kwake, Wahu! Siku hiyo hata jiko halikuwashwa, tulilala njaa. Satelaiti iliona vumbi, mimi nikaliita moshi.

Unajua nilimjibu nini? "Nitaangalia." Nitaangalia! Mkubwa akaandika "makaa", mkutano ukaisha.

Kile kitenge alichonifunga Mama Caritas usoni siku hiyo nisivute vumbi bado kiko kwa begi yangu. Kimejaa vumbi mpaka leo.