Mkate wa Pasaka wa Sista Agnese

Baba Jenifer,

Makande yako jikoni, uyaongezee maji kabla ya kuyapasha. Kuku wafungie mapema. ~~Nitarudi mchana.~~ Msinisubiri. Nimeshuka Same, misheni, na unga wa ngano nimeuchukua wote.

Asubuhi ulisema mbele ya mama yako, "Miaka mitatu hatujaona ngano, leo imerudi dukani unataka kuwaokea Waitaliano?" Mama akacheka. Sasa najibu. Si Waitaliano, ni Sista Agnese, aliyenilea nilipofiwa na mama. Kila Pasaka tulikanda pamoja mkate huu mtamu wa kwao, tukausuka kama nywele na kupachika mayai mazima juu yake. Juzi nilimkuta hawezi hata kuketi. Akaniuliza, "Redempta, mwaka huu hatuoki?"

Tutaoka. Nitaweka sufuria kando ya kitanda chake, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Asipoweza kumeza, harufu ataisikia.

Mama msalimie, kipande chake nitamletea. Chako hakiji huko. Kesho baada ya misa ushuke ukile hapa, umwamkie aliyenilea. Tangu tuoane hujamwamkia.

Mama Jenifer