Kioo Kisichokatwa Pembe

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua kuvimba na Mama hajambo. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia.

Kazi yetu unaijua. Vioo vidogo hupakwa utando wa almasi upande mmoja na kuoshwa, kisha tunauwekea bati lililotobolewa michoro na kuupitishia gesi ya oksijeni. Palipo wazi hubadilika, palipofunikwa hubaki. Mchoro wenyewe hauonekani mpaka ukipulizie kioo pumzi. Kwa vioo hivyo hutengenezwa vifaa vya kugundua sumu katika maji.

Vioo arobaini havikushika mchoro. Mkuu wetu anasema havikuoshwa vizuri, na amemsimamisha kazi Mama Glavu, mwoshaji, yule aliyenipokea siku ya kwanza na kuniita mwanangu. Baba, vilioshwa vizuri. Ni mimi niliyevilaza kifudifudi, almasi ikawa chini. Sikuvikata pembe moja iwe alama ya upande wenye almasi. Sijamwambia mtu. Nifanyeje?

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Miguu inanitii, masikio ndiyo yamegoma, na mama yako anadai ni kwa makusudi.

Miaka thelathini nimeandika mabango ya maduka, na kila karatasi niliyoitoboa herufi niliikata pembe kwanza, nisije nikaigeuza. Ulikuwa ukinicheka. Lakini kusahau si dhambi. Mtu mzima kukaa nyumbani kwa sababu ya ulimi wako uliofungwa, hiyo ndiyo aibu. Unaniuliza ufanyeje, na jibu ulikuwa nalo kabla hujanunua bahasha. Nenda kwa mkuu wako. Usiniandikie kabla hujasema.

Baba yako

27 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tu wazima. Mama yako humsubiri mpeleka barua mlangoni, kisha hunitazama mimi.

Nilikwambia usiniandikie kabla hujasema. Basi kimya chako nakisoma kama barua.

Baba yako

30 Juni

Baba,

Shikamoo. Ulikisoma sawasawa. Nilisema tarehe mbili mwezi huu.

Mkuu hakupaza sauti. Alinishusha cheo, akanipeleka kwenye meza ya kuoshea, akaagiza Mama Glavu arudishwe. Amerudi amekonda. Nilimwomba radhi, akasema amesikia, akavaa glavu zake. Sasa ndiye anayenielekeza kazi, na haniiti tena mwanangu. Ananiita Mtaalamu.

Jana alichukua kioo nilichokuwa nimemaliza kuosha, akaninyooshea. “Pulizia, Mtaalamu.” Nikapulizia. Ukungu ulitanda sawasawa, bila doa; kioo kilikuwa safi. Alikigeuza, akaigusa pembe niliyoikata.

Kisha akakirudisha majini, akakiosha upya.

Mwanao