Kidude Kilichomfukuza Skola

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Sijui barua hii itakukuta nyumbani au shambani, ila naomba ikukute mzima na lile goti limepoa. Mimi huku Ziwani mwili hauna neno, moyo ndio unaoniuma. Maharage ya matuta ya juu mmeshavuna? Huku mvua imetunyima.

Kabla ya yote, itazame bahasha. Kama gundi imeguswa, nijulishe. Posta siiamini, kwa hiyo nimempa dereva wa lori la pamba aishushe Dumila, kwa binamu yetu mwenye genge la nyanya. Na huyo dereva nimemhoji kwanza mpaka akachoka.

Najua Deo ndiye anayekusomea. Deo mdogo wangu, soma kila neno, hata yatakayokuchoma. Barua yangu iliyopita nayo uliisoma wewe, ile niliyoandika kwamba mchumba wako Skola ni mchongezi, na kwamba mjomba ashuke Mkuyuni kwao akavunje uchumba. Nimesikia mjomba alishuka. Niliyoandika yalikuwa uongo. Wakati ule sikujua kuwa ni uongo, lakini ni uongo.

Mama, unakumbuka nilivyokuwa nikikusimulia, kiwanda hiki cha nyuzi kilipokuwa cha shirika la umma tulikuwa na desturi ya kupumzisha mashine. Unazima kidogo, unakunywa chai, unaongea na mwenzako, unawasha. Meneja akijua, basi kuna mtu kamwambia, na mtu huyo tulimpata siku zote. Mara katibu wa tawi la chama, mara mpishi wa kantini. Neno halikufika ofisini bila miguu ya mtu.

Alipokuja mwekezaji wa kutoka ng'ambo akaleta vidude. Kila mashine kimefungwa kimoja, kidogo kama punje ya haragwe, kina taa nyekundu na waya unaokwenda mpaka ofisini. Fundi aliyevifunga anaviita vihisio. Alisema vinaangalia uzi ukikatika, ili sisi tusihangaike. Mtu apande ndege kutoka huko kote ili mimi nisihangaike? Nikajua hapa pana jambo, ila sikujua ni lipi.

Wiki ile ile wakaanza kutuita ofisini. "Yustina, juzi mashine ya saba uliizima robo saa." Hata mimi mwenyewe sikuwa nimehesabu. Wenzetu watatu wakaachishwa kazi. Tukaanza kutazamana. Nani anapeleka maneno? Skola ndiye aliyepewa kazi ya kuvifuta vile vidude vumbi la pamba kila asubuhi, na kitambaa alikuwa anakifuata ofisini. Basi, tukaona tumeshampata.

Mama, tulilala chumba kimoja, tukala chungu kimoja, na nilikuwa nasubiri awe wifi yangu. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Nilimwambia kweli kikulacho ki nguoni mwako, nikamtupia mkeka wake uani, wapangaji wote wanaona. Hakulia. Alisema, "Wifi, ni vile vidude. Uzi ukisimama vinajua." Nikamcheka. Nikamuuliza, "Kwani vina mdomo?" Akaokota mkeka. Wiki mbili hakuna aliyeitikia salamu yake kiwandani. Nilimwona anakula peke yake nikasema moyoni, afadhali. Kisha akaacha kazi, akapanda treni akarudi kwao Morogoro.

Nilitegemea mambo yatulie. Haukupita muda nikaitwa tena, mashine ya saba, dakika kumi, na siku hiyo upande wetu nilikuwa peke yangu, wenzangu wamekwenda mazishini. Nani aliniona? Unanijua, nikishaanza kushuku sipati usingizi. Ikatokea vidude vimezimwa siku mbili, fundi anabadilisha waya. Nikazima mashine makusudi, nikakaa juu ya ndoo nusu saa nzima, wenzangu wote wananitazama. Sikuitwa. Vilipowashwa, nikazima dakika tano tu, hakuna mtu karibu. Kabla ya chai nilikuwa nimeshaitwa.

Nikamfuata fundi. Hakuona kama ni siri. Akaniambia vinaandika kila kitu kwenye kompyuta ya ofisini, na huko vinakotoka wameanza kufikiria kuvitia hata kwenye simu za mkononi, simu ijue yenyewe ukiiweka sikioni. Nikamwambia simu inayojua sikio langu liko wapi sitaigusa. Mpaka leo yule fundi simwamini. Skola namwamini, lakini nimechelewa.

Kuna jambo jingine, Mama. Kazi ya kufuta vidude sasa wamenipa mimi. Sikuiomba. Nikiingia kantini maneno yanakatika. Mama Rehema wa mashine ya nane, niliyekuwa nikigawana naye hata kipande cha muhogo, anahamisha kiti chake. Niliwakusanya nikawaeleza yote, jaribio langu na maneno ya fundi. Wakanisikiliza mpaka mwisho. Kisha Mama Rehema akasema, "Skola naye alisema hivyo hivyo." Wakainuka wakaenda zao.

Nakuomba umwambie mjomba ashuke tena Mkuyuni. Najua ni aibu kwake, mtu mzima kurudi kupiga hodi mahali alipoondoka kwa maneno makali. Lakini uchumba aliuvunja yeye kwa neno langu, na hakuna mwingine wa kwenda kuuomba upya. Aichukue barua hii, isomwe kwa sauti mbele ya mama yake Skola, na pale pa mkeka pasomwe pia. Deo, nenda naye. Skola akisema hakutaki tena, usimlazimishe, na mimi usinitetee.

Nisalimie bibi, mwambie dawa yake ya kifua nitaituma nikipata mtu wa kuaminika. Msalimie mjomba na mkewe, na katekista wa kigango chetu aniombee. Mama yake Skola msimpe salamu zangu. Asikie kwanza nilivyomfanyia mwanawe, halafu aseme mwenyewe kama anazitaka.

Ni mimi mwanao, mwenye kosa,
Yustina