Sifuri Niliyoiandika Bila Kupima

Mshauri mpendwa,

Nisaidie kabla ya Ijumaa, nakuandikia kwa sababu kwa mdomo siwezi, mimi nikisimama mbele ya watu hata jina langu hunikimbia. Nina miaka kumi na sita, na mimi na mwenzangu wa meza, tunayemwita Waya, muhula mzima tumekuwa tukitengeneza utando wa oksidi ya shaba juu ya kioo kinachopitisha umeme upande mmoja, yaani unatumbukiza kioo kwenye maji ya buluu yenye shaba, unaunganisha umeme kidogo, unasubiri, na utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu unajijenga wenyewe, wenye rangi ya kutu. Vioo kumi na moja viliharibika, vingine utando ulibanduka, kimoja nilikitega upande usiopitisha umeme, tukakaa saa nzima tunatazama kioo kisafi, Waya akasema, "Hongera, bubu, umevumbua dirisha." Cha kumi na mbili kikakubali: tukikiwashia taa, kipimo cha umeme kinapanda. Mwalimu wa kemia alishangilia mpaka darasa la jirani likachungulia.

Sasa kosa langu. Ilitakiwa nipime pia kioo kikiwa gizani, kimefunikwa kwa karatasi nyeusi, lakini mtunza maabara alikuwa mlangoni na funguo mkononi, nikaona haya kumwomba dakika tano, nikaandika daftarini "gizani: sifuri", nikaondoka. Wiki iliyopita nikapima kweli, peke yangu: taa inawaka, karatasi imefunika, na kipimo kikapanda, karibu nusu ya kile cha mwanzo. Kumbe ni joto la taa. Ripoti tunaiandika kwa lugha ya shuleni, na kwa lugha ile ningeiita "thamani iliyokadiriwa" na ikapendeza, lakini hapa kwa Kiswahili naona ni uongo tu. Ijumaa ni mashindano ya shule zote, Waya ndiye msemaji, ameshaikariri ile sifuri, ameshamwalika na mama yake. Nikisema namwangusha, nikinyamaza namdanganya. Nifanyeje?

Wa Meza ya Nyuma

Mwanangu wa Meza ya Nyuma,

Haya yako naielewa, lakini usiifanye wakili. Uliogopa kuomba dakika tano, ukamtwika mwenzako uongo akauseme ukumbini, naye hajui kama ameubeba. Joto la taa halina hatia.

Nimemuuliza fundi wa maabara ninayemfahamu. Alicheka, akasema taa huwadanganya hata wakubwa. Wekeni chombo cha kioo chenye maji kati ya taa na kazi yenu. Maji yatapunguza joto, mwanga utapita. Na kama gizani ni nusu, ile nusu nyingine huenda ni ya mwanga kweli. Woga umekuziba macho.

Leo mwambie Waya, ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu. Atafoka. Mwache, ana haki, na usilie ili akuonee huruma. Kesho asubuhi nendeni wote kwa mwalimu. Usichane ukurasa wala usifute: piga mstari mmoja juu ya sifuri, andika namba halisi na tarehe. Pimeni upya. Ikitoka ndogo, pelekeni ndogo. Mkiondolewa mashindanoni, mama yake Waya utamwomba radhi wewe.

Sauti ikigoma mbele ya mwalimu, mpe daftari lililo wazi asome. Ila usikimbie. Simama hapo mpaka ainue macho.