Nilipomsoma Babu Mbele ya Mlinzi

Kihurio, Jumapili alasiri. Jua kali, upepo umelala, na mpunga wetu umefika hatua ile ambayo ndege wanaupenda kuliko sisi wenyewe.

Nimetoka kanisani, nimekula, nimekaa barazani na simu. Moyo umejaa. Naandika kabla haujapoa.

Mnaopita hapa mara kwa mara mnajua kwamba naandika riwaya. Sijawahi kuwaambia naiandikaje. Msimu wa kuamia ndege niko shambani tangu alfajiri, kombeo mkononi, sina nafasi ya kushika kalamu. Kwa hiyo naisema. Simu inarekodi, halafu Jumapili nasikiliza na kuhamishia kwenye daftari. Majirani walishamwuliza mama mkwe wangu kama niko sawa, maana naonekana nikiongea peke yangu katikati ya majaruba ya mpunga. Mwaka mzima niliamini kwamba na yeye ananionea aibu.

Basi nikasikia kuna mkutano wa siku moja wa waandishi wachanga, Same mjini. Nikaiambia simu tu kule shambani, nyumbani sikusema. Ndege nitamwachia nani? Alhamisi mama mkwe, akipepeta mchele, akasema bila kunitazama:

"Jumamosi nitaamia mimi. Wewe nenda ukawasomee ile ya babu yako. Mimi imeniuma. Iwaume na wengine."

Kumbe alikuwa ananisikiliza.

Jana tulikuwa kumi na mmoja ukumbini. Aliyetuita ni Mwalimu Eliamini, anafundisha sekondari. Hakutupa mihadhara. Alitaka kila mtu asome kurasa mbili kwa sauti, na wengine waseme ukweli: wapi walivutiwa, wapi walichoka. Alisema sikio halidanganyiki kama jicho, na kwamba sentensi inayokukaba koo ukiisoma, msomaji naye itamkaba.

Nakiri hapa, maana ukurasa huu ni wangu. Nilitaka kutoroka. Kijana mmoja wa chuo alisoma hadithi nzuri mno, na daftari langu likaonekana kama la mtoto wa shule. Nikainuka kimyakimya, nikafika mlangoni. Mlinzi wa ukumbi, Mzee Laurenti, alikuwa amekaa pale kwenye kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeshasoma?"

"Bado."

"Sasa unakwenda wapi?"

Nikarudi kukaa.

Nikasoma. Riwaya yangu inamhusu babu, mzaa baba, aliyetoka Kasulu akiwa kijana kuja kukata mkonge huku tambarare. Alimwoa bibi, Mpare wa Bombo, akajifunza Chasu, lugha ya Wapare, akazaa, akafa. Kwao hakurudi, wala hakutuma salamu. Katika kitabu changu nilimfanya mtu aliyesahau. Kurasa zile mbili zinaishia pale anapoulizwa kwao ni wapi, naye, panga mkononi, anajibu: "Hapa hapa."

Kisha mkono ukanyooka kutoka mlangoni.

"Samahanini, mimi si mwandishi," alisema Mzee Laurenti. "Lakini mkonge nimeukata miaka mingi. Haukatwi kwa panga, unakatwa kwa kisu. Na cha kwanza ni kuondoa ule mwiba wa ncha, la sivyo utakutoa jicho. Halafu utomvu unawasha, mpaka jioni unashindwa kushika kijiko. Huyo babu yako, binti, hajawashwa hata mara moja."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, uso ukiwaka moto.

Lakini hakukaa.

"Na hakusahau. Mimi nimetoka Njombe kijana, sijarudi mpaka leo. Wanasema nimesahau. Mama alinisindikiza barabarani, nikamwahidi nitarudi na bati za nyumba yake. Mwaka wa kwanza sikuwa nazo. Wa pili sikuwa nazo. Ikipita miaka kumi, unarudije mikono mitupu? Andika aibu, binti yangu. Kusahau ni raha. Sisi hatukuipata."

Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu Eliamini alivua miwani akaifuta muda mrefu.

Mchana, wenzangu walipokwenda kula, nilikaa na mzee mlangoni. Nilimwomba ruhusa nirekodi, akakubali. Alichukua rula ya mwalimu akanionyesha namna ya kuinama, mahali kisu kinapopita, jinsi majani yanavyofungwa mafungu. Sikumwuliza zaidi kuhusu mama yake. Alinisimulia mwenyewe.

Nimehudhuria semina kwenye simu, nimesoma mashauri mengi ya namna ya kuandika. Hakuna lililonifaa kama yule mzee aliyesema hapa umekosea, kisha akabaki kunionyesha.

Leo baada ya ibada nilimpigia baba, yuko Hedaru. Nikamwuliza kama babu aliwahi kutaka kurudi Kasulu.

"Kila mwisho wa mwaka alinunua khanga za mama yake," alisema. "Anazikunja, anaweka sandukuni, anasema mwakani nitampelekea. Tulipomzika tukazikuta zote. Ziko kwa shangazi yako, Maore."

"Baba, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ulikuwa unauliza alifika lini, alimwoa nani. Hilo hukuuliza."

Kweli, sikuuliza. Miaka miwili namwandika mtu, nikamhukumu kabla ya kumwuliza anayemjua.

Sina hasira wala huzuni. Nina shukrani inayonitoa machozi hapa barazani. Sura tatu za mwanzo nazifuta, na sioni uchungu. Wewe unayeandika peke yako mahali fulani, ukiwaza kwamba hakuna anayekusikia, tafuta mtu mmoja umsomee. Hata kama ni mlinzi. Hasa kama ni mlinzi.

Kesho asubuhi nakwenda Maore, mama mkwe ataamia tena. Nimeshamwambia shangazi asilifungue sanduku mpaka nifike. Babu hakujua kusoma wala kuandika, lakini kila khanga ina maneno yake. Lazima kuna mtu dukani alimsomea, moja baada ya nyingine, naye akasimama pale akichagua neno la kumwambia mama yake.