Nililala upande wa Baba

Jumatano, baada ya alasiri. Joto la mtaa wetu wa Kuze limetufunika kama kifuniko cha sufuria, na mvua haitaki kunyesha.

Shajara, mimi ni mzima. Hilo ndilo linaloniudhi.

Tangu Baba afariki Mama yuko eda, hatoki nje. Hakuweza kulala na upande wa Baba ukiwa mtupu, basi nikawa nalala hapo mimi. Dirisha tulilifunga, asionekane na watu wa ng'ambo ya kichochoro. Chumba kimoja, hewa moja.

Siku chache nyuma nilipiga chafya mbili tatu, nikasema ni vumbi la vitambaa ninavyouza Makadara. Mama naye akashikwa na homa, kisha kikohozi. Jana asubuhi nikamkuta ameketi kitandani akitafuta pumzi.

Alikataa hospitali. "Ntatokaje, mwanangu, na eda haijesha?"

Ammi, ndugu yake Baba, akamjibu kutoka nje ya mlango: "Shemegi, hii ni dharura, Mungu ajua." Ndipo akaomba buibui lake.

Tulipimwa sote wawili. Korona, ile tuliyodhani imekwisha. Daktari akasema virusi puani mwangu ni vingi mno, na vya Mama vimeshapungua. Nikafurahi, mjinga mimi, nikadhani anapona.

Akanieleza taratibu kwamba wingi wa virusi peke yake hausemi nani ataumia. Vya Mama vinaondoka, lakini mapafu yameshavimba, na umri na kisukari vinamlemea. Mimi nimejaa virusi na hata kamasi sina. Nani alimwambukiza mwenziwe? Daktari hajui. Pengine mimi, pengine mmoja wa wageni waliokuja kutupa pole.

Mchana nilikula mkate wa mofa kwa mchuzi, na ladha yote niliisikia. Nikalia na tonge mdomoni.

Mama amelazwa, na wodini siruhusiwi. Muda mfupi uliopita muuguzi alimshikia Mama simu. Nilisikia oksijeni ikivuma, kisha sauti yake, kwa shida:

"Leo walala na nani?"

Nimemwambia binti ya Ammi yuko nami. Hayuko. Hakuna anayeruhusiwa kunikaribia.

Dirisha nimelifungua wazi. Kitanda nimekitandika, nikakaa chini sakafuni.

Pande zote mbili ni tupu. Leo nilale upi?