Gari la Kimeu na Macho ya Ngina

Kola, Machakos
4 Februari 1996

Kwa Mutindi, binti yangu uliyebeba jina la mama yangu,

Pokea salamu nyingi kama mbaazi za mwaka wa mvua. Hujambo wewe na baridi ya Japani? Sisi hatujambo. Ng'ombe hajambo, gari halijambo. Mama yako tu ndiye goti linamsumbua akitumwa maji, lakini akialikwa harusi linapona.

Nimesikia kwamba hiyo Nagoya unakosomea mambo ya kunyunyizia mashamba maji iko karibu na kwao Toyota. Mbona hukuniambia? Unakaa mlangoni kwa wakwe na hupigi hodi! Nenda ukamwambie mzee wa kiwanda kwamba Kimeu wa Kola, mwenye Corolla nyeupe ya mwaka wa sabini na tano, anamshukuru. Mwambie imebeba mahindi, mbuzi na kwaya nzima ya Wakatoliki. Mwambie kwamba mlima huu hauna gari lingine la kukimbiza mama mwenye uchungu hospitali ya Machakos, na mimi sijawahi kumwitisha mtu hata shilingi ya mafuta. Mimi niliyefika Kampala na Dar nikiwa turnboy wa lori najua gari ni nini.

Jumapili baada ya misa tulibishana. Ndungu, yule Mkikuyu anayeuza kabichi sokoni, aliapa kwamba ukikalia Peugeot unajisikia waziri. Nikamwambia, "Waziri akiharibikiwa anangoja fundi kutoka Nairobi. Spea zangu mimi zinauzwa duka moja na sukari." Jeremiah katekista, mwenye Datsun, akataka kutupatanisha, ati Datsun na Toyota ni ndugu. Nikamjibu, "Hata Kaini na Abeli walikuwa ndugu." Watu walicheka mpaka padre akatoka kuona. Halafu nikauliza, Safari Rally ya mwaka jana alishinda nani? Ya mwaka juzi? Na ile ya kabla? Toyota!

Ndiyo maana nimeleta ule ufundi wa Safari hapa nyumbani. Tangu Krismasi mama yako ni navigeta wangu. Anakaa kando yangu akitangaza, "Kona kulia! Shimo! Ng'ombe wa Masila!" nami nakata. Watu wanashangaa.

Usishangae barua kuwa kurasa tisa. Mtu mkubwa haandiki herufi ndogo.

Ni mimi baba yako,
Kimeu


Nagoya
17 Machi 1996

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama, pamoja na hilo goti lake linalochagua kazi. Mimi ni mzima. Theluji imeisha na nimeacha kulala na soksi.

Nilienda. Si kiwandani, ni kwenye makumbusho yao hapa mjini. Nilipomwambia mama anayetembeza wageni kwamba Corolla ya 1975 bado inabeba mbuzi Kola, aliita wenzake. Wakaja wakaniinamia. Nikainama. Wakainama tena. Tuliinamiana mpaka mgongo ukaniuma, kwa ajili yako.

Sasa sikiliza historia yao, utashangaa. Hawakuanza na gari, walianza na vitambaa. Mzee aliyeanzisha kazi hiyo alikuwa mtoto wa seremala wa kijijini. Wanasimulia kwamba alikuwa akimwona mama yake akifuma kwa mkono mpaka anachoka, akamwonea huruma, akaunda mtambo wa mbao. Miaka mingi baadaye akaunda mwingine ambao uzi mmoja ukikatika, unasimama wenyewe ili usiharibu kitambaa. Nimeuona ukifanya kazi. Waingereza walinunua haki ya kuutengeneza, na mtoto wake ndiye aliyeingia kwenye magari. Jina la ukoo ni Toyoda. Kwenye gari wakaandika Toyota, kwa sababu kwa maandishi yao inachukua mistari minane, na nane huku ni bahati.

Sasa nami nikuulize. Madereva wa Safari wana navigeta kwa sababu njia ni ngeni. Barabara ya Kola unaijua tangu ilipokuwa ya punda. Mama anakutangazia ng'ombe wa nini? Na herufi zako zimekuwa kubwa kama tangazo la mnada.

Baba, unaona?

Binti yako,
Mutindi


Kola, Machakos
28 Aprili 1996

Kwa Mutindi,

Salamu zikukute ukiwa umeshiba. Sisi tuko, mvua imenyesha, maharagwe yamesimama kama askari. Kuhusu Safari ya Pasaka hii na nani aliyeshinda, sina la kusema, na Jeremiah amekatazwa kulitaja langoni kwangu.

Barua yako mama yako ndiye aliyenisomea, maana mimi nilikuwa nimeshika jembe.

Ati kama naona? Naona! Nikisimama hapa naona mpaka Tanzania. Ni vitu vya karibu tu ndivyo siku hizi vina vumbi. Hata Biblia ya kanisani wameichapa upya kwa herufi za sisimizi.

Lakini wewe umeniletea vita nyumbani. Mama yako aliposoma pale pa kufuma, alitupa kiondo alichokuwa akisuka, akapiga makofi. "Kimeu! Kumbe gari lako ni mjukuu wa mwanamke anayesuka!" Kesho yake chama chote cha wanawake kilikuwa kinajua. Sasa nikiwasha injini wananiambia, "Polepole na kitambaa chetu, mzee." Mimi! Niliyefika Kampala!

Pale pa seremala ndipo nilipopapenda. Nilimwambia Jeremiah kwamba Toyota na Bwana Yesu wametoka karakana moja. Amenisimamisha kusoma somo la kwanza. Ni sawa, nilikuwa nimechoka kulikariri usiku.

Nikamwambia mama yako ukweli: kusuka kiondo ni kazi ya kupitishia jioni, gari ni akili ya mwanamume. Tangu juzi hanisemeshi. Chakula kinakuja, maneno hayaji.

Baba yako,
Kimeu


Nagoya
20 Mei 1996

Baba,

Natumaini hamjambo. Nitaandika machache.

Mtu anayekariri somo usiku ili ajifanye analisoma asubuhi, haoni. Simama mlango wa kanisa, uisome namba ya gari la Ndungu likiwa langoni. Ukishindwa, weka ufunguo chini. Usiniambie kuhusu Kampala.

Na umwombe Mama msamaha kabla hamjaingia kwenye hilo gari tena. Tafadhali.

Mutindi wako


Kola, Machakos
30 Juni 1996

Mwanangu,

Salamu. Sisi tuko hai, na safari hii sisemi hivyo kwa mazoea.

Barua yako ilifika Ijumaa. Ingefika Jumatatu ingenisaidia, ingawa nakujua na najijua, pengine isingenisaidia.

Siku ya soko tuliteremka mimi na mama yako, bado amenuna. Barabarani alikuwa anagonga dashibodi kwa kidole, mara moja kulia, mara mbili kushoto, hatamki neno. Tukaenda hivyo vizuri tu. Tulipokaribia soko kidole nacho kikanyamaza. Nikauliza, "Kona iko wapi?" Kimya. "Ngina, kona?" Akasema, "Waulize wanaume wenye akili ya magari."

Nikasema moyoni, kona naijua. Nikakata.

Mutindi, magurudumu yalipanda juu ya kitu, yakashuka, yakapanda tena. Kitu cha mviringo, kimoja baada ya kingine, vikipasuka chini yangu. Nilidhani ni vichwa vya watu. Mama yako alikuwa anapiga mayowe, "Simama! Kimeu, simama!" Niliposimama, mikono ilikataa kuachia usukani. Halafu nikasikia Shiru analia, yule mtoto mdogo wa Ndungu ambaye hukaa juu ya kreti pale kwenye kabichi. Nilisikia analia, nisijue analilia wapi. Mbele? Chini?

Alikuwa ng'ambo ya barabara, ametumwa chai. Alilia kwa sababu ya kabichi.

Ndungu alikuja mbio na rungu. Aliponiona usoni aliliweka chini, akanifungulia mlango kama mgonjwa. Akaniambia, "Mzee, kumbe hunioni." Nikamwambia, "Nakusikia vizuri sana." Hakucheka. Hata mimi sikucheka.

Tuliporudi mama yako alilia mpaka jioni, ati ni yeye angeua mtoto kwa kununa. Nikamwambia hapana, na nikamwomba msamaha wa kiondo na wa mengine ya miaka ishirini, kwa jumla. Alipopata nguvu akasema, "Mashine ya Mjapani ikikatikiwa na uzi mmoja inasimama. Wewe unakatikiwa na macho yote mawili, unaongeza mafuta." Nikakubali kwamba ameshinda. Andika tarehe.

Ufunguo nimempa. Gari limelala nyuma ya ghala, kuku wameanza kulizoea. Lakini Kaluki, mke wa Masila, ana mimba ya kwanza. Mwezi wa kumi itafika. Jana aliniuliza, "Mzee, utakuwepo?" Nikamwambia nitakuwepo. Nimeanza kudanganya mpaka wajawazito. Ndungu analala Machakos na gari lake, Jeremiah yuko bondeni kule. Huku juu ni mimi tu.

Baba yako


Nagoya
21 Julai 1996

Baba yangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikakaa chini sakafuni. Asante Mungu kwa hiyo chai ya Ndungu. Msalimie Shiru.

Hicho ulicho nacho ni mtoto wa jicho. Si upofu, ni ukungu uliotanda ndani ya jicho, na daktari huuondoa. Nilimpigia padre simu. Anasema madaktari wa macho watapiga kambi misheni mwezi wa nane na kurudi wa tisa, na kwamba amekutajia mara mbili ukamwambia utafikiria.

Najua unaogopa kisu. Uliwahi kuruka ukuta wa zahanati kwa sababu ya sindano, Mama aliniambia. Lakini kioo cha mbele kikiwa na matope, Baba, unauza gari au unapangusa kioo?

Sikuulizi kama utakwenda. Nakuuliza utavaa shati gani.

Binti yako


Kola, Machakos
13 Oktoba 1996

Kwa Mutindi, binti yangu,

Nakusalimu kwa kurasa mbili tu! Nilivaa lile la kijani.

Kisu sikukisikia. Wengine walilia, mimi niliimba tu, mpaka daktari akaniomba niache ili mkono wake usitetemeke. Jicho la kwanza mwezi wa nane, la pili wa tisa. Walipolifungua la kwanza, nikaona bibi mmoja mwenye mvi amekaa mbele yangu. Nikauliza, "Huyu shosho ni nani?" Mama yako akasema, "Mleteeni kioo naye ajione." Wakakileta. Aiya! Mutindi, kwa nini hamkuniambia?

Gari nalo nililipita nikifikiri ni la mtu. Halina upande mzima. Na ile picha uliyotuma, ambayo nilikuwa nawaonyesha watu nikisema umenenepa, kumbe ulikuwa umekumbatia mashine ya kuuza soda.

Lakini kubwa ni barabara. Nilipopewa ufunguo nilienda mpaka pale kona ya juu, nikatazama kushoto, nikaona bonde. Nimepita hapo miaka yote nikikata kona na kupiga honi bila kutazama chini, sikujua kwamba chini kuna nyumba ndogo kama viberiti! Tangu siku hiyo pale napita kwa gia ya kwanza nikiomba. Punda wananipita. Ndungu anasema kabichi zake sasa hazina adui, lakini zitaoza kabla sijafika.

Alhamisi asubuhi Masila alikuja mbio. Tukampakia Kaluki nyuma na mama yako, Masila akakaa mbele. Nikaendesha kama mtu aliyebeba mayai ya askofu. Kaluki akapiga kelele, "Mzee, ongeza!" Nikamwambia, "Naona bonde." Akasema, "Na mimi naona mtoto!" Mama yako akaniamuru nisimame. Masila akashuka, akazimia majanini, akaachwa hapo.

Kwa adabu nilishuka nikasimama mbele ya gari, mgongo kwao. Mbele yangu sasa ni nini? Bonde lote! Nikalitazama, maana sikuwa na pengine pa kutazama, mpaka niliposikia sauti ndogo. Kaluki alipopata pumzi neno lake la kwanza lilikuwa, "Mzee, ungekuwa bado huoni tungefika." Tulicheka sote, hata Masila kule majanini. Wamemwita Kyalo, yaani safari.

Mama yako alimfunga kwa leso akanipa nimshike wakati anamshughulikia Kaluki. Wanawake niliowabeba ni wengi, Mutindi, na watoto wao wanasoma sasa, lakini siku zote walikuwa kelele tu nyuma ya kiti changu. Huyu alikuwa mikononi. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyeamshwa kwa jambo lisilo la maana. Akafungua jicho moja tu, akaniangalia.

Mimi nikamwangalia kwa yangu yote mawili.

Ni mimi baba yako,
Kimeu